Kufikisha kamba ku kalipusi na hewa: yale tumejifunza mu majaribio

Watu wengi hapa Lubumbashi wanajua kazi ya kukata miti kwa kelele ya tronsoneze na matawi yanaanguka mu parseli, lakini sisi wenye kupanda tunajua kazi ngumu inakuwa mbele ya pale, wakati mutu amesimama chini, shingo juu, anatafuta fasi ya kupitisha kamba. Kamba kama haijapita fasi nzuri hakuna kazi, hata uwe na mashini ya bei gani.

Jakaranda za avenyu za katikati hazisumbui sana, panda la kwanza lenye nguvu unalikuta meta saba, nane, kumi, mutu mwenye mukono anatupa kifuko cha risasi (ile chuma nzito) chenye kufungwa ku kamba nyembamba na kinapita, akikosa anarudilia. Miembe pia vile. Shida ni kalipusi (mukaratusi). Ile inapanda meta 30 na zaidi, gogo limenyooka, tawi la kwanza la kuaminika liko mbali kule juu, na gome lake linajibandua lenyewe linaacha ngozi laini yenye kuteleza. Mukono wa mutu unachoka kwenye meta 15 hivi, waliozoea sana wanaenda 18. Kiisha kuna ile manati kubwa yenye kufungwa ku fimbo ya meta mbili na nusu, hiyo inafika 30 bila shida, lakini mipira yake ya kweli inatoka Ulaya ama Marekani, na ukiweka mupira wa shambreri ya gari jua la Septemba linaukausha, leo unavuta vizuri, kesho unavuta nusu. Mu kazi yetu kitu chenye kinabadilika kila siku ni hatari kuliko kitu chenye nguvu kidogo.

Njo tukaamua kutengeneza mashini ya hewa, yenye kurusha kifuko kwa nguvu ya hewa yenye kubanwa, mimi, yaya yangu (mukubwa wangu) ambaye ndiye mupandaji wetu, na papa mumoja fundi wa freni za makamyo kule komini ya Kenya, hapahapa Lubumbashi. Wazo si letu. Kutupa kamba kwa nguvu ya mashini kulianza zamani ku bahari: Muingereza mumoja, George Manby, mwaka wa 1808 alitumia muzinga kurusha kamba hadi ku meli iliyokwama karibu na Great Yarmouth na watu wakaokolewa, na hadi leo meli kubwa zinalazimishwa kubeba kifaa cha kurusha kamba angalau meta 230. Sisi tulikuwa tunataka meta 30 tu, lakini kwenda juu, na tena kifuko kishuke chini polepole, na hiyo njo kazi nyingine kabisa.

Kitu cha kwanza papa fundi alikataa ni tiyo ya plastiki, ile PVC ya kijivu. Ku intaneti utaona watu wanafanya nayo, ni rahisi, inapatikana ku kila kenkayeri, unapaka kole, unangoja ikauke, umemaliza. Akatuambia: «Bana yangu, mayi na hewa si kintu kimoja. Tiyo ya mayi ikipasuka utalowa. Tiyo ya hewa ikipasuka itakufuata.» Na ni kweli kabisa. Maji hayabanwi, ukiyasukuma mu tiyo hayaweki nguvu nyingi, tiyo ikipasuka presio inaisha palepale. Hewa unaibana, inatunza ile nguvu yote unayoipa, na siku inapata njia inatoka yote kwa mara moja. PVC haipasuki kwa kufunguka polepole, inavunjika vipande vyenye makali vinaruka. Halafu ile namba imeandikwa ku tiyo, bari 10 ama 16 (bari ni kipimo cha presio), ni ya maji, na ni ya digri 20 hivi. Iache nyuma ya kamyoneti saa saba mchana mu Oktoba, ipate digri 60, inabaki na karibu moja ya tano ya nguvu yake. Nalisema kwa uzito juu najua vijana wanasoma hapa na wako na tiyo nyumbani: msifanye na PVC. Hata presio ndogo. Hata mara moja tu ya kujaribu.

Tulichukua tangi ndogo ya hewa ya freni ya kamyo, ya litre 5. Hapa kwetu haikosekani, makamyo yote yenye kwenda Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, yanatumia freni za hewa na magaraji yamejaa vipande vyake. Lakini tangi ya zamani si kuokota tu. Hewa yenye kubanwa inatoa maji, maji yanakaa chini ya tangi, chuma kinaliwa kutoka ndani na nje unaona rangi nzuri. Papa fundi alifungua tundu zote, akaingiza taa ndogo, akaangalia chini kwa muda murefu, akagongagonga na nyundo ndogo akisikiliza, nyingine alizitupa pembeni bila kusema kitu. Ile alikubali ilikuwa na kibati chake bado kinasomeka, bari 10. Na hatukusudere chochote juu yake, hata kimukono cha kushikilia, sababu moto wa kusudere unaharibu chuma cha tangi pembeni ya fasi umechomelea na mutu hawezi kuona kwa macho. Kila kitu tulikifunga mu tundu za buloni zenye zilikuwako tayari, na teflo.

Kiisha mtihani wa maji. Hapa watu wengi wanaruka na ni hapa pa muhimu. Unajaza tangi maji hadi pomoni, unatikisa hewa yote itoke, unafunga pompi ya mukono ile mafundi wa maji wanajaribia nayo mabomba, unapandisha hadi mara moja na nusu ya namba ya kibati, sisi bari 15, unaacha. Tulikaa tukakunywa chai, tukapangusa kila kiungo na kitambaa kikavu, tukaangalia kama kinalowa, sindano ya manometa, ile saa ya kupimia presio, ilikuwa paka fasi moja. Kama tangi ingepasuka na maji tungesikia tu kelele na kulowa sandale. Nyuma ya pale njo tukaweka supapu ya usalama yenye kufunguka yenyewe ku bari 5, na tukapatana kazi hatutapita bari 3 siku yoyote, mutu yeyote akiomba.

Tiyo ya kurushia ni ya chuma, ndani milimita 40, urefu meta moja. Hesabu zake ni rahisi na ni vizuri kuzijua: ku tiyo ya ukubwa ule kila bari moja inasukuma kifuko na nguvu karibu ya uzito wa kilo 13. Kifuko cha gramu 300 kikitaka kufika meta 30 kinahitaji kutoka na spidi ya kama meta 24 kwa sekunde, ukisahau upepo na kamba. Ukipiga hesabu unaona bari moja peke yake ingetosha ku karatasi. Kwa hiyo mutu anayekuambia amejaza bari 8 juu ya kupanda muti, huyo hana shida ya presio, iko na shida fasi nyingine.

Fasi ya kwanza ni vane, kile kifaa cha kufungulia hewa. Tulijaribu na vane ya kawaida, ile unazungusha mukono robo. Inafunguka polepole hata ukiwa na haraka ya namna gani, hewa inaanza kuponyoka mbele, kifuko kinaanza kutembea mbele ya presio kufika, unasikia «fuuu» na kifuko kinaenda kivivu. Na mbaya zaidi, mukono wangu na mukono wa yaya haiko sawa, kila mutu anapata urefu wake. Papa fundi akatoa mu sanduku vane ya freni, ile ya kuachia hewa haraka, iko na kipande cha mupira ndani. Unabonyeza kidude kidogo, hewa kidogo inatoka nyuma ya ule mupira, na mupira wenyewe unaruka na kufungua njia yote kwa pigo moja. Sauti ikawa «pa!» kavu, fupi. Presio ileile, na kifuko kikapanda karibu mara mbili. Kuanzia siku ile hakuna mutu alisema tena tuongeze hewa.

Vifuko tulitengeneza sisi wenyewe. Risasi tulipata ku mafundi wa mipira ya gari, yale ma-plombi ya kusawazishia rimu, mama mumoja akatushonea na basha ya kamyo. (Risasi ni sumu, ukiishika nawa mikono na sabuni mbele ya kula, na usiiyeyushe mu nyumba yenye batoto.) Pua ya kifuko iwe laini, ya duara, bila kipande cha chuma nje, juu ku kila vifuko kumi unavyorusha kimoja kitaanguka ku manjanja (mabati) ya mutu.

Sasa kamba. Hapa njo nataka kukaa kidogo, sababu sisi wote tulianza tukiwa na akili ya hewa, tangi, vane, bari, na muda mwingi wa majaribio tuliumaliza tukiwa tumepiga magoti chini tunapanga kamba.

Kamba ya kutangulia, ile nyembamba ya milimita 2 yenye kupita kwanza na kifuko na kiisha kuvuta kamba ya kupandia, iko na uzito wa gramu mbili na kitu kwa meta. Inaonekana bure. Lakini kifuko kikifika meta 30 kinakuwa kimebeba gramu 70 hivi za kamba nyuma yake, karibu robo ya uzito wake chenyewe, na kila kipande cha kamba kinatakiwa kuamshwa kutoka chini na kupewa spidi. Ukiifunga ku bobini, kifuko kinabidi kizungushe na bobini pia. Tulipiga na bobini, bari moja na nusu: kifuko kilipanda, kikasimama hewani kama kimeshikwa mukia, kikarudi. Yaya akachukua beseni pana ya kufulia, akamwaga kamba ndani kwa mukono, kipindo juu ya kipindo, bila kuzungusha, mwisho wa chini ukatoka pembeni ya beseni na kufungwa ku jiwe. Tukapiga tena na bari moja na nusu ileile, kifuko kilekile. Kilipita juu ya muti wenyewe.

Ukiinama karibu na beseni wakati wa kupiga (mutu wa pembeni lakini, si yule anabonyeza, na kichwa kisipite juu ya kamba) unaona vipindo vinanyanyuka kimoja kimoja, kila kimoja kinasimama kidogo kabla ya kuondoka, na kama kimoja kimelala chini ya mwenzake wanaenda wawili pamoja, fundo linafika ku mudomo wa tiyo na pale kamba inakatika ama kifuko kinageuka. Kwa hiyo kumwaga kamba ni kazi ya mutu mumoja, siku nzima yeye tu, hazungumzi na mutu, hajibu telefone. Beseni inakaa mbele ya tiyo, si pembeni, si nyuma. Chini unatandika basha juu majani makavu ya Septemba yanashika kamba kuliko mukono. Mudomo wa tiyo unaupiga lima hadi kidole kipite bila kukwaruzika, na meta mbili za kwanza karibu na kifuko zinakuwa za kamba nene, sababu pale njo panapata mushituko wakati kifuko kinatoka na kamba bado imelala.

Aina ya kamba pia. Nailoni ya kusuka inapatikana rahisi na bei iko chini, lakini inajivuta. Kifuko kikikwama mu panda, unavuta, unavuta, nailoni inarefuka inatunza nguvu, kiisha kifuko kinaponyoka na kinarudi usoni kwako na spidi. Tulihama ku kamba yenye haijivuti, na hata vile sheria yetu ni moja: kifuko kikikwama hakuna mutu anavuta akiwa amesimama chini yake, unaenda pembeni, unageuza uso, kaske ku kichwa na miwani, na kamba haizungushwi ku mukono. Ikikataa, tunakata kamba na kifuko kinabaki pale. Gramu 300 za risasi hazina thamani ya jicho.

Majaribio yenyewe tulifanyia upande wa Kipushi, fasi ya wazi, muti mumoja murefu na kichuguu, asubuhi sana siku ya yenga mbele ya upepo kuamka. Kamba tuliiweka alama ya rangi kila meta 5, kwa hiyo ukihesabu alama zenye zimeondoka unajua kifuko kimefika wapi bila kubishana. Tuliandika mu kaye: presio, uzito, urefu, upepo. Kitu tulitafuta si urefu mukubwa, ni urefu uleule. Kama bari moja na nusu inakupa meta 28 leo, na kesho 28, na mwezi ujao 27, hiyo njo mashini. Ikikupa 40 mara moja na 22 mara nyingine, hiyo haijawa chombo cha kazi. Na presio kidogo iko na faida nyingine ambayo mutu anaiona paka akiwa mu parseli ya mutu: kifuko kinafika juu kidogo tu ya panda, kinapoteza nguvu, kinashuka karibu. Ukijaza sana kinapita muti, kinapita ukuta, kinapita avenyu, na huko kuna batu.

Juu ya batu, hii ni Lubumbashi. Tiyo ya chuma ya meta moja yenye tangi na kidude cha kubonyeza, na inalia «pa!», hakuna mutu atauliza kama ni ya miti. Mbele ya kupiga hata mara moja mu muji tulienda kwa shefu wa kartye, tukaifungua mbele yake kipande kwa kipande, tukamwonyesha kifuko, kamba, picha za kazi ku telefone. Tuliipaka rangi ya njano yote. Inatembea imefunguliwa, tangi bila hewa, tiyo mu mufuko wake, vane mu mwingine. Majirani wanaambiwa siku moja mbele: kesho saa mbili mutasikia mulio, ni sisi, ni muti wa mama fulani. Inachukua wakati, na naona ni wakati mzuri kuliko kujieleza ku polisi ukiwa umelala chini.

Kazi ya kwanza ya kweli ilikuwa kalipusi iliyoinamia nyumba ya mama mumoja mujane, matawi juu ya manjanja yake, na mvua za Novemba zilikuwa karibu. Aliona ile kitu ya njano akashika kichwa: «Baba, hiyo si itanitobolea nyumba?» Yaya akamujibu, «Hapana mama, hatutapiga kuelekea nyumba, tunasimama huku ku mulango wako, kifuko kinaenda kule ku shamba ya mahindi, na leo mule hamuna mutu.» Akaomba mbele ashike kifuko, akakiminya, akakitupa kidogo juu na kukidaka, akarudi ku kiti chake. Upande wa avenyu kuna waya za umeme na upande ule hatukupiga, hatutapiga, kamba yenye kulowa kidogo ikigusa waya mutu wa chini hana bahati ya pili. Tuliachia umbali mara mbili ya urefu wa muti.

Kamba ilipita mu panda tulilitaka, lakini juu ya gome laini la kalipusi kifuko kilianza kushuka haraka, tukakishikilia kidogo kidogo. Ku jakaranda ni kinyume, gome lake limekwaruza na gramu 300 mara nyingine zinakataa kushuka, unaweka 400. Kiisha tukafunga kamba ya kupandia, tukaivuta juu, tukaifunga chini ku gogo. Na hapa kuna hesabu nyingine watu hawaifikirii: kamba ikipita juu ya panda na kufungwa chini ku gogo, panda linabeba karibu mara mbili ya uzito wa mupandaji. Yaya iko na kilo 75, panda linaona 150. Kwa hiyo mbele yaye kupanda tulining'inia sisi wawili pamoja, tukaruka ruka, tukiangalia juu na jumeli kama tawi linasogea ama kuna ufa. Mashini ya hewa inaweza kupitisha kamba ku tawi lililokufa vizuri sana, haichagui, na kutoka meta 30 chini tawi lililokufa na tawi zima yanafanana kuliko unavyodhani. Tuliangalia majani yake, tukaangalia rangi ya gome, tukauliza mama kama kuna tawi lilikwisha kuanguka miaka iliyopita, akatuonyesha fasi.

Yaya alipanda, akakata kwa vipande vidogo, akashusha na kamba, manjanja hayakuguswa.

Kwa jakaranda na miembe tumerudilia mukono, hakuna haja ya hewa pale. Ku kalipusi tunabaki na bari moja na nusu, siku ya upepo bari mbili. Mvua ikianza tutajaribu kamba yenye kulowa kule Kipushi mbele ya kukubali kazi yoyote, juu kamba yenye maji inakuwa nzito na vipindo vinagandana mu beseni, na zile namba za kaye zote ni za kamba kavu.